Titus Kiplagat na Mdamsoni wa Nyuma ya Nyumba

Mchungaji, majirani wa mtaa huu wa Kensington, wafanyakazi wenzake marehemu mliotoka Sandton, jamaa na marafiki wote mliofika kutoka kila pembe ya Johannesburg, mimi ninayesimama mbele yenu naitwa Barnaba Kimosop, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, kaka mkubwa wa marehemu, na familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha yake. Maisha hayo niliyaandika ndani ya ndege Ijumaa iliyopita, tarehe 7 Februari 2025, kurasa mbili tu, nikazikunja nikazitia mfukoni nikiwa nimeridhika kabisa, na kurasa hizo leo sinazo, kwa sababu nilipofika hapa niligundua kwamba nimeandika habari za mtu niliyemfahamu hadi mwaka 1999, na miaka iliyofuata nimeijaza maneno ya heshima. Haya ninayowasomea nimeyakusanya kwa siku sita kwa kuulizauliza, na najua wapo kati yenu waliokuwa wakiniona naja wanajifanya wanapokea simu, mnisamehe.

Marehemu Titus Kiplagat Kimosop alizaliwa tarehe 19 Machi 1969 katika kijiji cha Chepkorio, kwenye nyanda za juu za Keiyo nchini Kenya, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu Mzee Kimosop na marehemu Mama Tabitha. Baba yetu alikuwa mtunza bustani katika shamba la Mzungu mmoja aliyeondoka mwaka 1971, naye akaachwa pale kama mlinzi wa nyumba tupu na miti ya matunda ambayo hakuna mtu kijijini aliyejua majina yake, isipokuwa yeye. Mmoja wa miti hiyo aliuita damsoni, ni jamii ya plamu, lakini matunda yake ni madogo, marefu kidogo, ya buluu iliyokaribia weusi, yana vumbi jeupe juu ambalo ukiligusa kidole kinabaki na alama, na ni machachu kupita maelezo. Sisi wengine tulikuwa tunayaokota na kurushiana, lakini Kiplagat alikuwa anayala, uso unamkunjamana, machozi yanamtoka, kisha anaokota jingine. Mwaka 1978 shamba liligawanywa, mwenye kipande kile akaukata mti ili apande mahindi, na Kiplagat, akiwa na miaka tisa, alimuuliza baba kwa wiki nzima kwa nini hawakuacha mti mmoja tu, mpaka baba akawa anakimbilia kwa jirani kila akimwona anakuja.

Marehemu alianza elimu ya msingi mwaka 1976 hapo hapo Chepkorio, akamaliza mwaka 1982, akaendelea na sekondari mjini Eldoret kuanzia 1983 hadi 1986, na baadaye akasomea ufundi wa umeme jijini Nairobi kuanzia Januari 1988 hadi Novemba 1991. Alikuwa mwanafunzi wa kawaida, hilo nalisema kama mwalimu na sitalipamba, alichowazidi wenzake ni udadisi, maana alikuwa mtu wa kutumwa kusaga mahindi asubuhi akarudi jioni bila unga, kwa sababu alisimama akitazama jinsi mkanda wa mashine unavyozunguka bila kutoka, na mahindi yenyewe ameyasahau mlangoni.

Kwa upande wa kazi, aliajiriwa Nairobi mwaka 1992 kama fundi wa lifti, na tarehe 2 Agosti 1999 akahamia Johannesburg, ambako alipanda cheo hadi kuwa mkaguzi wa lifti katika majengo marefu ya Sandton, yaani yule mtu ambaye sahihi yake iko kwenye kile kibati ndani ya lifti, na wengi wenu mmepanda na kushuka kwa imani ya mkono wake bila kumjua. Rafiki yake wa kazini, Bwana Burhani kutoka Tanga, aliyefanya naye kazi miaka kumi na mmoja, ameniambia jambo ambalo nawaomba mlishike, kwa sababu bila hilo haya yanayofuata hayaeleweki. Alisema, "Mwalimu, ndugu yako hata lifti aliyoifungua mara hamsini alikuwa hagusi nati mpaka afungue kitabu chake na kusoma upya, na kitabu kikisema zungusha mara tatu, hazungushi mara nne hata umshike mkono." Tarehe 31 Machi 2016 kampuni aliyokuwa akifanyia kazi ilipunguza wafanyakazi naye akawa mmoja wao, akakaa nyumbani miezi kumi na tisa, hadi Novemba 2017 alipopata kazi kwingine, na kuhusu miezi hiyo hakunieleza chochote kwenye simu, alikuwa anasema tu kwamba kazi inaendelea vizuri.

Marehemu alifunga ndoa takatifu tarehe 14 Desemba 2002 hapa Johannesburg na Bi Monicah Nyambura, mzaliwa wa Nyahururu, mkutubi wa chuo kikuu, waliyekutana naye katika kwaya ya kanisa hili, ambamo naambiwa mmoja wao alikuwa anaimba na mwingine alikuwa anafungua mdomo tu. Mimi sikuhudhuria harusi hiyo. Nilitaka aoe kwetu, nikamwambia hivyo kwa simu kwa maneno ambayo sitayarudia mbele ya mchungaji, bila kujua kwamba simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu na bibi harusi amesimama pale pale, na kwa miaka ishirini na miwili mimi na shemeji yangu tumekuwa tukisalimiana kupitia kwa Kiplagat, yeye akibeba salamu huku na huko. Naona haya kulisema, lakini limo katika maisha yake, na nisipolisoma nitakuwa nimesoma maisha ya mtu mwingine.

Walijaliwa watoto wawili, Roy, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 2004, ambaye sasa anasomea uhandisi, na Lynette, aliyezaliwa tarehe 22 Oktoba 2007, ambaye mwaka huu yuko darasa la mwisho la sekondari. Ni watoto wenye adabu, Kiswahili wanakisikia chote na kujibu kwa Kiingereza, na nilipofika niliwaona wapole kiasi kwamba nilidhani hawana la kusema.

Jumamosi iliyopita, tarehe 8, vijana wa tenti walikuja kusimamisha lile tenti mliloliona nyuma ya nyumba, nguzo moja ikazuiwa na tawi la mti ulioko karibu na ukuta, nami kama mkubwa wa familia nikaagiza tawi likatwe. Lynette alitoka jikoni na sahani mkononi, akasimama kati ya msumeno na mti, akaniambia, "Baba Mkubwa, usikate hiyo mti." Ndiyo Kiswahili cha kwanza nilichosikia kutoka kinywani mwake, na mwalimu ndani yangu akataka kusahihisha, lakini nikawaambia vijana washushe msumeno, tenti likasogezwa, nami nikabaki pale nikijiuliza ni mti gani huu ambao mtoto asiyeinua macho mbele ya wageni anaweza kuupigania mbele ya kaka wa baba yake, siku ya nne tangu baba afariki. Ndipo nikainua uso nikaona matunda madogo, marefu kidogo, ya buluu iliyokaribia weusi, nikagusa moja, kidole kikabaki na alama. Nilikuwa sijaliona tunda lile tangu mwaka 1978, na sina haya kuwaambia kwamba nilivuta kreti ya soda nikaikalia chini ya mti.

Kuanzia hapo niliuliza kila mtu. Nilielezwa kwamba walihamia nyumba ile mwezi wa Machi 2011, kwamba mwaka 2012 Kiplagat alianza kutafuta mche wa damsoni, akapiga simu kwenye vitalu vingi, wengine wakimuuliza ni kitu gani hicho, mpaka kitalu kimoja cha upande wa Magaliesburg kikakubali kumwoteshea, akasubiri miezi kumi na minne, na tarehe 10 Agosti 2013 akaupanda mdamsoni huo kwa mkono wake. Shemeji yangu Monicah, kwa kuwa anafanya kazi na vitabu, alimletea zawadi, kitabu cha kutunza miti ya matunda ambacho maktaba ilikuwa inakiondoa rafuni, kitabu kinene cha picha, kilichochapishwa Uingereza, na kitabu hicho kilisema kwamba miti ya jamii ya plamu ipogolewe mwezi wa saba. Kiplagat alitazama ng'ambo ya ukuta, akaona majirani nao wanapogoa mipichi yao mwezi wa saba, akaona kitabu na majirani wamekubaliana, na kwa mtu kama yeye ushahidi wa namna hiyo ulitosha. Kila Julai, kuanzia 2014 hadi 2020, Julai saba, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, alitoka na mkasi na msumeno mdogo, kitabu kikiwa kimefunguliwa juu ya kiti, akaupogoa mti ule kama alivyoelekezwa, na kwa miaka saba mti ukatoa majani mazuri mno na usitoe hata ua moja.

Nyinyi mliozaliwa huku mmeshaona kosa liko wapi, lakini mimi na yeye tumelelewa jirani na mstari wa ikweta, mahali ambapo Julai na Januari zinatofautiana kwa jina na kwa matope tu, na haikutujia akilini kuuliza kitabu kinaongea kutoka upande gani wa dunia. Julai ya Uingereza ni kiangazi, mti umekwishazaa au unakaribia. Julai ya Johannesburg ni baridi ya kuuma, matumba ya maua yameshajipanga kwenye vijiti vifupi vya zamani yakisubiri Septemba, na mpichi unaweza kuvumilia kukatwa wakati huo kwa sababu una namna yake ya kuzaa, lakini damsoni ukiikata vijiti vile umeikata maua yote. Ndugu yangu, aliyekagua lifti elfu moja bila hata moja kuanguka, alikuwa anayafyeka maua yake mwenyewe kila mwaka, kwa uangalifu mkubwa.

Aligundua kwa njia ambayo hakuna ambaye angeichagua. Tarehe 2 Julai 2021 alilazwa hospitalini kwa korona, akatoka tarehe 27 akiwa hawezi kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni bila kupumzika, na mwaka huo mti haukupogolewa. Asubuhi ya tarehe 5 Septemba Lynette alifungua dirisha la jikoni akapiga kelele, kwa sababu mti wote ulikuwa mweupe, na nyuki tayari wamefika. Kiplagat alitolewa nje na kiti na blanketi, akakaa mbele ya mti ule, na swali lake la kwanza, anavyosimulia Lynette, lilikuwa, "Nimefanya nini mwaka huu?" na baada ya kama robo saa likawa, "Nini ambacho sikufanya?" Alitaka aletewe kitabu, akasoma ukurasa wa mbele kabisa ambao miaka yote hiyo alikuwa anauruka, akaona mahali kilipochapishwa, akacheka mpaka akakohoa, na siku hiyo hiyo akampigia simu Burhani kumweleza ujinga wake kwa furaha kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Novemba mvua ya mawe iliyaangusha matunda yote yakiwa mabichi, mwaka uliofuata sakitu, ile barafu ya alfajiri ya mwisho wa baridi, iliyaunguza maua karibu yote, na Februari 2023 hatimaye mti ulizaa matunda kumi na moja. Roy alionja moja, akasema "Eish, Papa!" akalitema, na baba yake akala yale kumi yaliyobaki akiwa amesimama.

Jioni hiyo alinipigia simu. Aliniuliza kama naikumbuka damsoni ya shamba la Mzungu, nami nilikuwa kwenye mkutano wa kamati ya mazishi ya mtu mwingine, nikamjibu kwamba tutaongea. Hatukuongea, na jambo hilo linaniuma sana.

Sasa nitasoma jambo ambalo shemeji yangu Monicah ameniruhusu kulisoma, nimemuuliza mara mbili kuhakikisha. Jirani yenu Mama Hélène, mzaliwa wa Lubumbashi, ambaye anafanya kazi kitaluni na anaijua miti, alikuwa ameliona kosa lile tangu Julai 2017, akamwambia Monicah ukutani, "Mama Roy, ule muti bwana yako anaukata mubaya, anakata maua mbele itoke," yaani kabla hayajatoka. Monicah alijua, basi, na kwa miaka minne hakusema. Jumatatu wiki hii nilimkuta jikoni anapika damsoni na sukari kwa ajili ya wageni, kwa sababu matunda yameiva wiki hii ya msiba na hayangojei, nikamuuliza kwa nini alinyamaza, na nilimuuliza kwa udadisi tu, si kwa kumlaumu. Akanijibu bila kuniangalia kwamba kitabu alikileta yeye, na kwamba mwaka ule Kiplagat hakuwa na kazi, alikuwa anaamka asubuhi anavaa shati la kazini na kukaa sebuleni, na kitu pekee alichokuwa na hakika kwamba anakifanya sawasawa ni mti ule, hivyo akaona amwache mwaka huo, atamwambia mwakani, na mwakani ikafika akasema mwakani tena, na kadiri miaka ilivyozidi ndivyo neno lilivyozidi kuwa zito. Hata baada ya maua ya 2021, alicheka pamoja na mumewe na hakumwambia. Kama Kiplagat alijua kwamba mkewe anajua, sijui, nimeuliza kila mtu na hakuna anayejua, na ningetoa kitu kikubwa kumuuliza mwenyewe.

Lakini mimi ni mwalimu, na kwa miaka thelathini na sita nimewatazama wanafunzi ambao jibu wanalo na mkono hawanyanyui. Nikamuuliza, "Shemeji, kuna jambo jingine unaloniwekea la mwakani?" Aliweka mwiko chini. Halafu akazima jiko, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2002 akaniangalia usoni, akasema, "Kaka, nataka tumzike hapa." Akaniambia kwamba Kiplagat mwenyewe alilitaka hilo, kwamba waliliongea mwezi wa Desemba akiwa na akili zake timamu, na kwamba marehemu alikuwa ameahidi kuniambia mwenyewe, na siku zikamwishia.

Kuhusu ugonjwa na kifo chake, mwezi wa Septemba 2024 marehemu alianza kulalamika maumivu ya tumbo na mgongo, tarehe 30 ya mwezi huo madaktari wakagundua saratani ya kongosho iliyokwisha kuenea, akatibiwa kwa miezi minne, akiwauliza madaktari maswali mengi kuliko waliyokuwa na majibu, na Jumanne tarehe 4 Februari 2025, saa tatu na dakika kumi asubuhi, akafariki dunia nyumbani kwake, mkewe na watoto wake wote wakiwapo, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano na miezi kumi.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa muuguzi aliyekuwa akija nyumbani na kukubali kuelezwa habari za miti kila siku, nawashukuru majirani, Mama Hélène kwa jicho lake na kwa vyakula visivyohesabika, wafanyakazi wenzake mkiongozwa na Bwana Burhani, ambaye amelala kwenye kochi letu tangu Jumanne ya msiba ili apokee wageni, kanisa na kwaya, na jumuiya ya Wakenya wa Johannesburg, ambayo ilishughulikia karatasi zote za kumsafirisha ndugu yangu, na ninyi ndio ninaowaomba radhi zaidi, kwa sababu karatasi hizo hazitatumika.

Mnajua kwamba kesho asubuhi mwili ulikuwa upande ndege, na kule Chepkorio wameshafyeka majani pembeni ya kaburi la baba. Siku nzima ya Jumanne nilikasirika, sitawaficha, nilikasirika kwa sababu mtu wa kwetu anazikwa kwetu, mimi ndiye niliyetumwa kumleta, na nitarudi mikono mitupu kwa wazee waliokwisha kuniaga. Jana asubuhi niliwapigia simu, baba mdogo amenikatia na hajapokea tena, wengine wamesema wataniuliza nikifika, na nitafika, nitaulizwa, na nitajibu. Mjane ameulizwa, amesema, na neno lake nimelichukua. Marehemu atazikwa hapa Johannesburg, Jumamosi hii, tarehe 15 Februari, saa nne asubuhi, mahali ambapo mkewe anaweza kufika kwa miguu na watoto wake hawahitaji mkalimani.

Monicah, salamu za miaka ishirini na miwili nilizopaswa kukupa mwenyewe, nimekuja nazo, pokea. Na wewe, Kiplagat, ndugu yangu mwenye maswali, pumzika kwa amani hapa ulipochagua.